Mfereji wa Maturana

Delmiro Guaquinchay aligawa maji upande wa mashariki wa Mendoza kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye viganja vigumu na kofia moja tu. Milango yake ya maji ilikuwa sitini na saba, yote ya chuma, na aliijua kama mtu anavyojua meno yake: huu umelegea, huu unakwama, huu haufunguki mpaka uugonge kwanza. Ukitaka kujua adabu ya mtu wa mji wetu, mtazame zamu yake ya maji inapokwisha. Muungwana hufunga lango mwenyewe, na mhuni humsubiri mgawa maji aje. Wahuni, niseme ukweli, ni wengi. Delmiro hakugombana nao. Alifunga lango, akagusa kofia, akaenda zake.

Mvua ya kwetu haitoshi kumlowesha kuku. Tunaishi kwa theluji ya milimani inayoyeyuka na kushuka mtoni, na kwa mifereji ambayo mababu zake Delmiro waliichimba kabla Mhispania wa kwanza hajafika hapa na kiu yake. Kila mti unaouona mjini umesimama kando ya mfereji, na mfereji ukifa, mti haumalizi misimu mitatu. Ndiyo maana hapa watu wanajua tofauti ya mfereji na mtaro kuliko wanavyojua tofauti ya shangazi na mama mdogo. Mfereji una zamu, siku yake na saa zake, na una watu wake. Mtaro hauna haki yoyote, hupokea masalia ya wenzake, yakibaki.

Barabara ya Maturana ilikuwa na mtaro. Ndivyo lilivyosema daftari la mji. Lakini miforosadi yake, sitini na miwili, ilikuwa minene, na kiangazi matawi yalikutana juu ya barabara, watoto wakacheza kivulini tangu asubuhi hadi jioni na midomo yao ikawa myeusi kwa forosadi. Kila Alhamisi masalia yalifika Maturana, na yalikuwa masalia mengi ajabu. Watu waliona ni bahati yao. Nani huiuliza bahati cheti cha kuzaliwa?

Halafu kila Julai, maji yanapofungwa kule bwawani ili mifereji isafishwe, Delmiro alishuka na sepetu katika mtaro ule, peke yake, akautoa tope, mizizi na chupa tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Haikuwa kazi yake. Doña Nélida Pescara wa nyumba ya kumi na moja alimtolea mikate ya mafuta, ya moto, na kikombe cha chai chungu ya kwetu, iitwayo mate. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, magoti mabovu, ulimi mzima.

"Don Delmiro, wewe huna nyumba?"

"Ninayo, doña Nélida."

"Basi nenda ukafagie ya kwako. Majirani watasema nimekuoa ili nikuchape kazi."

"Waseme tu. Kuna makubwa zaidi ya kunisema."

"Wewe? Akuseme nani, mtakatifu mzima umekosa kanisa tu la kukuweka! Kula, mkate unapoa."

Mkate ulimshuka kwa shida. Ulimshuka kwa shida kila mwaka, na kila mwaka aliumaliza.

Mwaka ule aliokuwa astaafu, wakubwa wa mji waliamua kujua kijani chao. Kila bustani, kila safu ya miti na kila njia ya maji ipangwe daraja na ipakwe rangi kwenye ramani moja. Bustani kijani cha giza, miti ya barabarani yenye mfereji kijani kibichi, mfereji bluu, mtaro kahawia. Bluu maana yake maji yake hayaguswi. Kahawia maana yake mji una ruhusa ya kuufunika kwa zege na kuyapeleka masalia kwingine, na kwingine kulikuwa tayari, kwa kuwa upande wa juu palijengwa nyumba mpya zenye ukuta, bwawa la kuogelea na nyasi laini. Kazi ya rangi alipewa binti mmoja mpimaji, Yanina Abdala, na akaambiwa atembee na Delmiro, kwa sababu picha zilizopigwa kutoka angani huonyesha majani lakini hazionyeshi haki.

Walitembea siku tisa. Yanina alikuwa na haraka ya ujana lakini masikio yalikuwa wazi, na hilo kwa watu wa ofisini si jambo dogo. Siku ya pili walifika kwenye uwanja mmoja wa mpira uliokuwa kijani cha kupendeza kwenye picha.

"Hapa niweke bustani," alisema Yanina.

Delmiro aliukanyaga, akaupiga kwa kisigino. "Binti yangu, hili ni zulia."

"Zulia?"

"Plastiki. Ukilimwagilia linaoga tu, halinywi."

Yanina alicheka mpaka akafuta machozi, akaufuta uwanja kwenye ramani. Tangu hapo alimwamini kwa kila kitu. Akiuliza, "Hii?", Delmiro alijibu bila kutazama karatasi, "Mfereji wa zamu. Jumanne, saa kumi na mbili hadi saa tatu." Basi inapakwa bluu, wanasonga mbele.

Siku ya tisa, Jumanne, walifika Maturana. Miforosadi ilikuwa mitupu kwa baridi, lakini mashina yake yalijieleza. Yanina alitoa penseli ya bluu, kisha akafungua daftari la zamani ili ahakikishe, na penseli ikasimama.

"Don Delmiro, hapa pameandikwa mtaro."

"Najua."

"Miti hii ni ya mtaro?"

"Miti haisomi daftari."

"Sawa, lakini mimi nasoma." Aligeuza kurasa, akafikiri. "Sikiliza. Mtaro unaweza kurudishwa daraja la mfereji kama una watu wake, yaani wenye nyumba wanaousafisha wenyewe kila baridi. Huu naona haujaziba kama mingine. Nani anausafisha?"

Moyo wa Delmiro uliruka kwa furaha, masikini. "Unasafishwa kila mwaka bila kukosa! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Miaka thelathini na minane."

Yanina aliinua macho kutoka daftarini. "Wewe unakaa mtaa huu?"

"Hapana."

"Basi huo si usafi wa watu wake. Mfereji ukisafishwa na mgeni hauna watu, don Delmiro, na sheria haiwezi kuuona. Ungeuacha uzibe mwaka mmoja tu, wangeshika sepetu wenyewe kwa hasira, na leo ningekuwa na majina ya kuandika."

Delmiro alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Kumbe dawa aliyokuwa akiitoa miaka yote hiyo ndiyo iliyomweka mgonjwa kitandani. Sikuwahi kusikia kosa la namna hiyo mahali pengine, ila kwetu, ambako mtu anajua kuomba radhi kwa sepetu tu na si kwa mdomo.

"Maji yanarudi lini?" Yanina aliuliza.

"Jumatatu."

"Basi Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya sepetu. Nyumba ziko thelathini na moja. Nikipata watu ishirini mferejini, wakaitwa kwa majina na kuitika kama desturi, napaka bluu. Lakini kuna jambo jingine." Aliweka kidole kwenye daftari. "Huu ulikuwa mfereji mpaka mwaka sabini na moja. Ukafutwa. Sababu imeandikwa: 'Watu hawakufika siku ya sepetu.' Kama palikuwa na kosa, aliyeandika alifute mwenyewe mbele ya watu wa mtaa. Sahihi ni D. G. Sijui kama yu hai."

"Yu hai," alisema Delmiro. "Ni mimi."

Yanina alifunga daftari polepole. Hakuwa mtu mbaya. "Unaweza kuniambia hukumbuki," alisema kwa sauti ya chini. "Wengi huniambia hivyo. Nitapaka kahawia na hakuna atakayejua lolote."

Alikumbuka kila kitu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, wiki ya tatu kazini, na mkewe Ofelia alikuwa mjamzito. Jumamosi ya sepetu alisimama kichwani mwa mfereji wa Maturana na orodha mkononi. Desturi ni kumwita kila mtu mara tatu, na asiyeitika hana sepetu, na asiye na sepetu hana maji. Aliita majina thelathini na moja, mara tatu tatu, kwenye mfereji usio na mtu, na alijiona mkubwa akiita. Kisha akaandika kwamba hawakufika, akaiweka karatasi mezani kwa msimamizi wa mfereji, don Hortensio Videla, mtu aliyependa vijana wasiokosea.

Jumapili alipata habari. Mtaa mzima ulikuwa makaburini asubuhi ile, ukimzika Mabel, binti wa Nélida, miaka minne, homa ya mapafu. Karatasi ilikuwa bado mezani kwa Videla; ilikuwa iende mjini Jumatatu. Delmiro alitembea mpaka mlangoni kwa Videla. Alisimama pale. Akawaza kibarua, akawaza tumbo la Ofelia, akarudi nyumbani bila kubisha hodi.

Mimi sitamtetea. Watu wa Maturana walipoambiwa wamefutwa walidhani ni dhuluma ya mjini, wakailaani ofisi, na mume wa Nélida aliilaani mpaka siku anakufa. Delmiro alisikia laana zote hizo, akijua anwani yake ni ipi. Ndipo alipoanza kuwaletea masalia, na ndipo aliposhika sepetu.

Jumatano alasiri upepo wa Zonda ulikuwa umeshuka kutoka milimani, moto na mkavu, unaopasua midomo na kuwagombanisha watu na wake zao. Delmiro alibisha nyumba ya kumi na moja akiwa amevua kofia.

"Mmh," alisema Nélida. "Leo umekuja bila sepetu. Kuna nani amekufa?"

"Doña Nélida, nimekuja kwa ajili ya ile Jumamosi ya Mabel."

Tangu mazishi yale, mtaani hakuna aliyelitaja jina hilo mbele ya Nélida. Nélida aliacha kufuta mikono kwenye aproni.

"Mabel amefanya nini?"

Alimweleza akiwa amesimama. Orodha, majina, mara tatu, karatasi. Hakuiruka Jumapili.

"Jumapili ulikuwa unajua," alisema Nélida.

"Nilijua."

"Na karatasi ilikuwa bado hapahapa."

"Ilikuwa hapahapa."

"Mume wangu amekufa akiitukana ofisi."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuja kumzika. Ulibeba jeneza, Delmiro. Ulishika upande wa kushoto."

"Ndiyo, doña Nélida."

"Miaka thelathini na minane unakula mikate yangu."

Delmiro alisema alichotumwa na moyo wake kusema, kwamba Jumamosi zinahitajika sepetu ishirini, na wasipofika watu ishirini mfereji utafunikwa na miti itakauka. Alisema anaomba radhi. Nélida hakumpigia mlango usoni. Aliusukuma taratibu mpaka komeo likajifunga lenyewe, na Delmiro akabaki barabarani na upepo, akiona aibu ya kweli, ile isiyokuruhusu hata kuvaa kofia.

Alhamisi na Ijumaa hakutoka nje.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa kichwani mwa mtaro na orodha mpya. Yanina alikuja na ramani yake. Upepo ulikuwa umekwisha na baridi imerudi. Hapakuwa na mtu mwingine, na Delmiro aliutazama mtaro mtupu akadhani ameshauona mwisho wake. Kisha Beto Zalazar, fundi magari wa nyumba ya tatu, akatokea na sepetu begani na sigara mdomoni.

"Yule bibi ni kichaa," alisema. "Katugongea milango yote, siku mbili, kwa magoti yale. Anasema asiyekuja leo asimwamkie tena, hata msibani."

"Amewaambia sababu?"

"Amesema mfereji ni wetu na sisi ni wavivu." Beto alivuta sigara. "Yote mawili ni kweli."

Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakiwa na sepetu zenye kutu, majembe, mmoja na kikaango kikubwa cha chuma. Walitaniana. Walimwambia Delmiro kwamba akistaafu watampeleka baharini. Delmiro alishindwa kuvumilia utani wao, akachukua sepetu yake na kushuka mtaroni, kwa mazoea.

"Toka humo!"

Nélida alikuwa amesimama ukingoni, ameshikilia mti, amejifunga shali nyeusi.

"Toka mferejini. Wewe si wa mtaa huu. Kila tope unalotoa unatuibia." Watu wote waligeuka. "Kazi yako ni kuandika. Basi panda, uwaambie ulichoandika."

Alipanda. Hakuwa mtu wa hotuba, na pengine ilikuwa heri.

"Mwaka sabini na moja niliandika kwamba hamkufika," alisema. "Mlikuwa mazikoni. Nilijua kabla karatasi haijaondoka, nikaiacha iende. Niliogopa kufukuzwa kazi. Si ofisi iliyowafuta. Ni mimi."

Ungetarajia kelele. Wengine pale walikuwa wamechangiwa na Delmiro kuzika wazazi wao, wengine aliwafundisha kuogelea kwenye mfereji mkuu. Hakuna aliyepaza sauti. Beto aliitupa sigara, akashuka mtaroni bila kumtazama, na wengine wakamfuata, na kwa muda mrefu ilisikika sauti ya vyuma kwenye udongo tu. Ukimya wao ulimuumiza kuliko tusi, nami naona alistahili.

Saa nne Yanina alisema ni wakati wa kuita. Delmiro aliita kwa sauti ileile, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Nipo," walijibu kutoka chini, kila mmoja kwa jina lake, na yeye akaandika. Waliokuwa kazini mjini hawakuitika. Waliohama hawakuitika. Nyumba ya kumi na moja aliiruka, akaenda mpaka ya thelathini na moja, na Yanina akahesabu kwa penseli.

"Kumi na tisa," alisema. "Na umeruka moja."

Delmiro alimtazama Nélida, aliyekuwa bado ukingoni, mkono kwenye mti. Ukingo ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye magoti yale. Kama hakushuka mpaka sasa, alikuwa na sababu zake, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

"Nélida Pescara," aliita.

Hakuitika.

"Nélida Pescara."

Alimkazia macho tu. Waliokuwa chini waliacha kuchimba.

Delmiro alijua kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile, isipokuwa sasa aliyeitwa alikuwa anasikia. Akaita mara ya tatu.

"Nélida Pescara."

"Nipo," alisema Nélida.

Delmiro alimnyooshea mkono amsaidie kushuka. Hakuupokea. Alikaa kwenye ukingo, akateleza polepole mpaka miguu ikagusa tope, akanyang'anya sepetu ya Beto na kuizamisha. Donge la kwanza alilitupa karibu na viatu vya Delmiro.

"Ishirini," alisema Yanina kwa sauti ya chini.

"Andika," alisema Nélida.

Delmiro aliandika.

"Sasa niulize mwaka ule nilikuwa wapi."

"Doña Nélida..."

"Hukuniuliza mwaka ule. Niulize leo."

"Mwaka ule ulikuwa wapi, doña Nélida?"

"Nilikuwa namzika Mabel. Andika hivyo."

Fomu ya Yanina ilikuwa na nafasi ya namba ya nyumba, jina na alama ya tiki, basi. Delmiro aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, akageuza karatasi ili ipate kutosha, na Yanina, ambaye wiki nzima alikuwa akimkemea kwa kuchafua fomu, alimshikia karatasi.

"Soma."

Alisoma, na watu wa Maturana walisikiliza wakiwa wamesimama ndani ya mfereji wao. "Nyumba ya kumi na moja. Mwaka sabini na moja hawakufika kwa sababu walikuwa wakimzika Mabel, binti yao, miaka minne. Mwaka huu wamefika."

Nélida alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuchimba.